Nyumba ya Mwisho wa Waya

Wiki ya mwisho kabla sijastaafu, ninyi vijana wa ofisini mliniuliza kwa nini waya mmoja wa kwenda barabara ya Mogitu ulikuwa bado unapeleka picha za mfumo wa zamani, wakati mji mzima wa Katesh umeshahamia kwenye ving'amuzi na intaneti. Niliwajibu kwamba habari yake ni ndefu na magoti yananiuma. Yote mawili yalikuwa kweli. Sasa nimepata pa kukaa, magoti yanaendelea kuuma, na habari naiandika. Waya ule ulikuwa wa mama mmoja anayeishi peke yake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu, ambayo hakuna aliyenituma, ilikuwa kuhakikisha kwamba mama huyo hakatiwi.

Nianze na nilikotoka, kwa sababu bila hapo hamtaelewa ubishi wangu. Mimi ni Mwiraqw wa Gitting, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mahindi hayajakauka shambani. Nilikuwa darasa la sita. Wazee wa ukoo wakasema vifo viwili katika boma moja si jambo la kuchezea, tukawekwa katika metimani. Wengi wenu mmekulia mjini, hamlijui neno hilo. Ni kujitenga. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo haiendi kwa jirani, na jirani haji. Huombi moto, huazimi jembe, ng'ombe wenu hawachungwi pamoja na wa wenzenu, na maji mnachota wengine wakishaondoka kisimani. Wazee walituambia si adhabu, ni kuzuia balaa isitembee. Inawezekana. Kwetu ilikuwa ni msimu mzima wa kusikia watu wakipita njiani wanacheka, na hakuna anayegeuza shingo. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anakwenda kukaa kwenye ukingo wa shamba na kuwaamkia wapita njia wote, shikamoo, shikamoo, hadi sauti inakauka. Hawakumwitikia, na hawakuwa watu wabaya. Muda ulipokwisha wenzangu walirudi shule. Mimi sikurudi, kwa kuwa lazima mtu mmoja alime.

Nilishuka Katesh wakati biashara zilipofunguliwa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamebaki na rafu tupu na karani anayesinzia, na kila mwenye uwezo alikuwa anafungua duka lake. Mzee Athumani alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharage, mtu wa Singida aliyekuwa ameshakaa Katesh kiasi cha kuulaumu upepo wake kama mwenyeji. Alinichukua nifagie duka na kupika chai. Mimi nililala stoo na kila Jumamosi nikapeleka unga Gitting. Mwaka huohuo akaingiwa na wazo la televisheni. Kwa antena ya kawaida Katesh ilikuwa haipati kitu. Akaleta kutoka Arusha dishi la wavu, kubwa kuliko banda la kuku, likiwa vipande kwenye lori la magunia, pamoja na fundi wa kuliunga. Mpango wake ulikuwa kuinasa picha mara moja pale dukani, kisha kuisambaza kwa waya juu ya nguzo hadi kwa kila atakayekubali kulipia. Watu walimwona amechanganyikiwa. Na mimi pia.

Fundi huyo aliitwa Salimu, Mrangi wa Kondoa, mwembamba, asiyependa maneno. Siku ya kwanza alikuwa juu ya paa anasukuma dishi, na chini alitaka mtu wa kuangalia televisheni na kumwambia kinachotokea. Wapagazi wawili walishajaribu. Kila akiuliza walimjibu safi, ili ashuke wote wakanywe chai. Ndipo nikaitwa mimi na ufagio wangu. Sikuwahi kuona televisheni.

"Unaona nini?" akauliza kutoka juu.

"Mvua," nikasema.

Akaacha kusukuma. "Mvua ya namna gani?"

"Ya masika. Nene."

Akasukuma. "Na sasa?"

"Manyunyu. Kuna mtu nyuma yake, ila ana watu wengine wawili wamemshika mabega, wanafanana naye."

"Hao ni yeye mwenyewe," alisema Salimu. Aliposhuka alimwambia Mzee Athumani kwamba chai ipikwe na mwingine, huyu anasema anachokiona.

Hiyo ndiyo shule niliyopata. Salimu alinifundisha kuisoma picha kama mama anavyousoma uso wa mtoto mgonjwa. Chenga maana yake nguvu haifiki, tafuta waya ulioliwa au busta, kile kisanduku cha kuisukuma picha mbele, iliyochoka. Kivuli pembeni ya mtu maana yake kiungo kibaya, picha imegonga ukuta ikarudi. Mistari inayopanda polepole ni umeme unaovuja, na mistari inayorukaruka ni jirani anachomelea geti. Alinifundisha kuacha waya uning'inie kidogo kabla haujaingia nyumbani, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiingie ndani. Alinifundisha kupaka grisi kila kiungo, maana vumbi linalopeperushwa kutoka ziwa la chumvi linakula konekta kuliko kutu ya kawaida. Mpaka leo nikiona kiungo kikavu mkono unaniwasha. Ninyi hamna viungo vya kupaka siku hizi, lakini pakeni kitu, hata kama ni mazoea tu.

Umeme wetu wa kwanza ulikuwa wa jenereta ya mashine ya kusaga ya Mzee Athumani. Mashine ikilemewa, picha inasinyaa, na mji mzima unajua kwamba kuna mtu kaleta mahindi mabichi. Baadaye ukaja umeme wa gridi, ambao ulikuwa na namna zake nyingine za kutuudhi. Salimu alikaa nasi miaka michache, kisha kifua kikamrudisha Kondoa. Aliniachia koleo lake na ngazi ya mninga, nzito kama dhambi, na kuanzia hapo nguzo zikawa zangu. Nilivaa suruali ndani ya sketi. Akina mama wa sokoni walisema mengi, mengine ya kuchekesha, hadi televisheni zao zilipoanza kuonyesha chenga na wakajua wa kumwita ni nani. Wachumba walikuja wakaona wadogo watatu na ngazi, wakaondoka. Sikuwalaumu.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, watumishi walianza kuhamia, nyumba zikaongezeka, na kila mtumishi alikuja na televisheni yake ya chogo juu ya godoro. Tulivuta waya hadi barabara ya Mogitu. Tukaanzisha na chaneli yetu wenyewe ya matangazo, maandishi tu yanayopita kwenye kioo cha buluu: vifo, chanjo, mikutano, ng'ombe waliopotea na alama zao. Nilikuwa nayaandika mimi kila asubuhi. Watu waliitazama kuliko mpira.

Huko barabara ya Mogitu ndiko nilikokutana na Mama Daniel. Alikuwa mjane wa makamo, na mwanawe pekee, Daniel, alikuwa karani wa ghala la nafaka. Daniel ndiye aliyemnunulia mama yake televisheni. Tulihitaji pa kufunga busta, kwa sababu picha ikifika pale inakuwa imechoka na lazima isukumwe upya ndipo ishuke kwenye nyumba za bondeni. Mama Daniel alitupatia ukuta wake na umeme wake. Kwa hiyo waya uliingia kwake, ukapita kwenye busta, ukatoka kwenda kwa majirani wote wa chini. Alipenda sana hali hiyo. Alikuwa anawaambia kwamba habari zote zinapita kwanza jikoni kwake, wao wanakula makombo. Mbuzi wakisogelea nguzo alitoka na mwiko. Nilikuwa nikimaliza kazi ananipa maziwa ya mgando na kunitania kwamba ningekuwa mwanamume angenioza mpwa wake.

Daniel aliugua ghafla, na hata hospitali hakuwahi kufika. Nililitangaza mwenyewe kwenye chaneli. Baada ya mazishi, ukoo wa marehemu mumewe ulikaa, wakiongozwa na Mzee Margwe wa Endasak, shemeji yake. Mume amekwenda, sasa na mtoto wa pekee. Wakaamua Mama Daniel akae metimani mpaka watakaposema wao. Paroko alikwenda akamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati, aje kanisani. Mama Daniel akamjibu kwa heshima kwamba yeye padri ni mgeni, ng'ombe wake hawalishwi pamoja na wa watu. Akijitokeza, na ndama wa mtu akafa wiki hiyo, atalaumiwa yeye, si padri. Alifunga mlango wake.

Haikuchukua muda majirani wa bondeni wakaja ofisini. Msemaji wao alikuwa Baba Neema, mwalimu wa kwaya, mtu mstaarabu aliyeona aibu kwa alichokuja kusema. Alizunguka kwenye mvua na bei ya mbolea kabla ya kufika. Wao, alisema, si kwamba wanaamini sana. Ila picha zinaingia nyumba ile kwanza, zinakaa humo, ndipo zinakuja kwao, na wana watoto wadogo. Mke wake ameshaizima televisheni na kuifunika kitambaa.

Mzee Athumani aliniita. Akasema yeye mambo ya Kiiraqw hayajui wala hayacheki, anachojua ni kwamba nyumba za bondeni ni nyingi na huyu mama ni mmoja. "Kata pale kwake, Emi," alisema. "Ruka juu, funga busta kwenye nguzo, mama wa watu atarudishiwa mambo yake yakiisha."

Nilimwambia mambo yake yanaweza kuchukua mwaka. Nilimwambia nimekaa katika nyumba ya namna hiyo, na najua kinachotokea kwa mtu anayesikia sauti za wengine njiani na hakuna inayomlenga yeye. Mama huyu hakuwa na hata wadogo wa kugombana nao. Kitu pekee kilichokuwa bado kinaingia nyumbani kwake kilikuwa waya wetu. Mzee Athumani alinitazama sana. Alikuwa na kawaida ya kuvuta ndevu anapotaka kusema hapana. Safari hii alizivuta, kisha akasema nina hadi Jumatatu, nikamuulize huyo mzee wa Endasak, na nikirudi na jibu baya nipande na koleo bila kulia.

Nilimkuta Mzee Margwe anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa gunzi na mimi nipukuchue, maana huko huwezi kukaa bure mbele ya mtu anayefanya kazi. Nilimweleza. Alisikiliza bila kusimama.

"Baba yangu alinifundisha habari za moto, maji, jembe na ng'ombe," alisema. "Waya hakuniambia, haukuwepo. Sasa nieleze wewe unayeujua. Hizo picha zikiingia kwake, zinarudi?"

"Hazirudi, mzee. Zinakwenda tu. Sisi dukani hatuwezi hata kujua kama amewasha."

"Akizungumza mbele yake, mtu wa huku anasikia?"

"Hasikii."

"Akilia?"

"Hapana."

Akapukuchua gunzi zima kabla hajasema tena. "Basi hicho ni kitu kinachoingia. Kuingia hakujakatazwa, hata mvua inaingia. Lakini umesema waya unatoka tena kwenda kwa wengine."

"Unatoka, mzee. Ndiyo njia ya kwenda bondeni."

"Hapo ndipo pana kosa. Kiingie kwake, kiishie kwake. Ukiweza hilo, wa bondeni wakikusumbua waambie waje kwangu. Usipoweza, kata." Kisha akaniuliza kama ni kweli kuna chaneli ya mieleka.

Vijana, mnajua maana yake kiufundi. Ilibidi Mama Daniel awe mwisho wa waya. Ilibidi busta iondoke ukutani kwake, njia ya bondeni izungushwe nyuma ya mashamba kwa nguzo mpya, na yeye apewe waya wake peke yake kutoka nguzo ya barabarani, usiokwenda kokote zaidi. Waya mnene ulikuwa haupatikani karibu. Nilikusanya vipande vilivyotupwa vya miaka yote, nikaviunga kimoja kimoja, na kila kiungo kinakula nguvu, kwa hiyo ilibidi nisogeze mabusta mengine yote kurekebisha. Nguzo nilikata mikaratusi kwa ruhusa ya Baba Neema, ambaye alichimba mashimo mwenyewe. Nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Upepo uliangusha nguzo mbili, tukazisimamisha tena. Nilipomaliza, bondeni wakavua vitambaa kwenye televisheni zao, na Mama Daniel alikuwa na picha safi kuliko mtu yeyote mjini, kwa sababu alikuwa hagawani na mtu.

Kuingia kwake sikuruhusiwa. Nilitengeneza kutoka kwenye nguzo ya barabarani. Picha ikiharibika alianika kanga nyekundu upande wa njia, nami nikaona nikipita. Mzee Margwe sikumuuliza habari za kanga.

Asubuhi moja, nikiandika matangazo ya vifo na ng'ombe, niliongeza mstari mmoja: Shikamoo Mama Daniel. Mzee Athumani alikuja mbio kuuliza kama tumeanza kufanya chaneli kuwa barua ya mtu. Jioni yake akaja mwalimu wa kwaya kuomba na yeye aandikwe. Kesho yake wakaja akina mama wa jumuiya, kisha karani aliyefanya kazi na Daniel. Mjini palizuka ubishi wa kweli. Wapo waliosema si adabu kumwamkia mtu asiyeruhusiwa kuitikia, kwamba unamchokoza. Muuza nyama alisema bora hivyo, kwake yeye huyo mama alikuwa haitikii mpaka apewe kipande cha ini. Mzee Athumani mwishowe alitenga nafasi ya salamu baada ya ng'ombe, na akasema hatozi mtu.

Ukoo ulipomtoa, baada ya wazee kufanya waliyoyafanya, alikuja ofisini moja kwa moja. Amekonda, kanga mpya, viatu vya Daniel. Alisimama mlangoni akasema marahaba, akataja jina, marahaba, akataja jina, hadi akamaliza wote aliowasoma. Alikuwa amewakumbuka kwa mpangilio. Mzee Athumani aliingia stoo akadai anatafuta spana.

Nilimwambia naweza kumrudishia busta na kumuunganisha na wenzake kama zamani. Alikataa. Alisema mwisho wa waya ni mahali pazuri, kelele ni chache. Nikamwachia. Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya ibada nilipitia kwake na ngazi, kwa sababu viungo vile vya vipande vilihitaji kupapaswa mara kwa mara, na kwa sababu ya maziwa.

Miaka ikaenda. Wadogo zangu walisoma, mmoja yuko Babati, wawili Arusha, wote wana watu wao. Kisha serikali ikazima mitambo ya analojia nchi nzima na watu wakaambiwa wanunue ving'amuzi. Wengi walidhani na sisi tumekufa siku hiyo. Hatukufa. Tuliweka ving'amuzi upande wetu, tukaigeuza picha mpya kuwa ya zamani, tukaisukuma kwenye waya, na televisheni za chogo za Katesh zikaendelea kama hazikusikia tangazo. Kwa muda hata tulipata wateja. Lakini watu walianza kununua televisheni bapa, kila paa likaota dishi dogo, na mmoja mmoja wakaniita nikate. Kazi ya miaka yangu ya mwisho ilikuwa kupanda kukata. Inachosha zaidi kuliko kufunga, sijui kwa nini. Waya ni uleule na ngazi ni ileile.

Mzee Athumani alipofariki, mwanawe Idrisa akashika ofisi. Mnamjua, ni mtu mwema. Alinivumilia kuliko nilivyostahili. Mara kwa mara aliingia chumba cha mitambo, akatazama zile taa na feni zinazopiga kelele, akauliza, "Dada Emi, vyote hivi kwa bibi mmoja?" Nikamjibu ndiyo. Alijitolea kumpa king'amuzi bure. Nikamwambia yule bibi ana televisheni ya mwanawe, hawezi kujifunza rimoti mbili, na kwamba nikistaafu afanye anavyotaka. Mwaka huu moduleta, ile mashine ya kuipandisha picha kwenye waya, ikaungua, ya pili ikafuata, na za kubadilisha hazitengenezwi tena popote. Nilikuwa nimebakiwa na moja, nayo ilikuwa inachemka kiasi cha kukaangia yai. Idrisa alikuja akaitazama. Aliniwekea mkono begani akatoka. Nikajua ni mimi wa kwenda kumwambia.

Nilikwenda Jumapili, na ngazi kama kawaida. Njia nzima nilikuwa naandaa maneno. Alikuwa amekaa ameielekea televisheni, imewashwa, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha leo ina chenga."

Nikaitazama. Ilikuwa safi. Nikamwambia ni safi, akasema basi zilikuwepo asubuhi. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: moduleta, Idrisa, kustaafu kwangu mwisho wa mwezi. Nilimwambia nimejaribu. Nilimwambia nitamletea king'amuzi na nitamfundisha mwenyewe, hata ikichukua mwaka.

Alisubiri nimalize. "King'amuzi cha nini?" akasema. "Mimi sioni."

"Huoni vipi?"

"Macho yalikwisha zamani. Naona mwanga dirishani, na wewe nakujua kwa ile ngazi inavyogonga geti."

Sikuelewa. Nilimuuliza mbona kila Jumapili, miaka yote hii, ananiambia picha ina chenga, ina kivuli, ina mistari, nami napanda.

"Ningesema ni safi ungekaa?" alisema. "Ungenywa maziwa umesimama ukaondoka."

Nikamwambia mimi nilikuwa nailinda kwa ajili yake. Nimegombana na watu. Nimeunga vile vipande hadi vidole vimepinda, mvua na upepo, ili asikatiwe.

"Najua. Nikawaza, huyu mtoto hana mume, wadogo zake wamekwenda, kilichombakiza hapa ni hiyo kazi, na kazi yenyewe wameshaihama wote nimebaki mimi. Nikisema ikatwe, atabaki na nini? Nikawa naiwasha kila asubuhi." Akapapasa hadi akapata goti langu, lile baya. "Lakini unavyopumua siku hizi ukipanda, nasikia kutoka humu ndani. Kata, mwanangu. Umechoka."

Niliuliza kuhusu Jumapili. 

"Jumapili uje. Hilo dude lako uliache huko."

Nilitoka nikapanda. Nilikata kwenye nguzo ya barabarani, nikavuta waya wote, nikaukunja. Ndani nilisikia mlio wa chenga kwa muda, kisha akaizima mwenyewe. Ofisini nilimwambia Idrisa azime mitambo, akaniachia swichi nizime mimi. Feni zilichelewa kusimama. Mliokuwepo mliona, na nawashukuru kwamba hakuna aliyepiga makofi.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani nikaenda kwa Mama Daniel mikono mitupu. Nilifika mlangoni nikasimama. Sikujua mikono niiweke wapi, maana kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuwa na kitu cha kutengeneza. Aliuliza ni nani huyo asiyegonga. Nikasema ni mimi. Akaniambia nikae, nikakaa.